Amani, Muheza: usiishie kuangalia miti mikubwa tu

Nimetoka Amani juzi, ule msitu wa juu ya Muheza, mwongozaji nilimchukua pale getini Sigi na hela yake nimempa kwa roho safi kabisa. Gesti niliyolala usiku wa kwanza siitaji, neti ina matundu na maji ya ndoo, tuachane nayo.

Mimi nilijua tunaenda kushangaa majitu, tunapiga picha, tunashuka. Kumbe jamaa kaenda kuchuchumaa kwenye kimti chembamba kama kiwiko changu, tukakaa hapo weee, namuuliza kaka hiki si cha juzi tu, akacheka, akasema hiki ni msambu, unavumilia kivuli, unaweza kukaa hivi hivi miaka na miaka ukisubiri mkubwa aanguke, kwa hiyo usishangae kikiwa kimekuzidi umri. Nilinyamaza. Kumbe msituni wembamba sio utoto jamani.

Mbele tukakuta jitu limelala chini, juu jua linaingia mpaka unafinya macho, na hapo miche imebanana, mingi ni msizi. Huu sio wa milima hii ya Usambara, uliletwa na Wajerumani enzi za bustani yao ya mimea iliyoanza 1902, halafu baadaye magogo yalipovunwa sana msitu ukafunguka, msizi ukapata nafasi, na hondohondo wanakula matunda yake na kusambaza mbegu. Sasa nikauliza mbona haujaimaliza miti mingine yote? Akatuonyesha chini ya msizi mkubwa: miche yake ipo, midogo midogo, imedumaa, kivuli haukiwezi. Penye jua msizi unakua haraka unaiacha misambu mbali sana, kivuli kikirudi misambu ndo inapata zamu.

Ana tepi mfukoni, tukapima unene wenyewe, mita 1.3 toka chini, ila mti wenye mizizi iliyotanuka kama mbawa unapima juu ya hizo mbawa la sivyo unajidanganya. Kwenye kieneo kama sebule yangu tulihesabu vijiti mpaka tukachoka, mikubwa miwili tu, na hiyo miwili ndo inakula karibu jua lote.

Nyota nne. Ya tano imebaki kwenye utelezi, nimeanguka mara mbili na raba zangu za mjini, vaeni buti.