Kiti cha kusomea cha kuchongesha: uzoefu wangu na fundi wa Magongo

Binti yangu yuko kidato cha nne. Alikuwa akisomea kwenye kiti cha plastiki, vile vya kukodi harusini, na kila akiinuka anashika kiuno kama bibi yake. Nikazunguka maduka ya mjini. Viti vya ofisi vya magurudumu vipo tele, lakini vimevishwa ngozi ya bandia, na kwa joto letu hili la Mombasa, ukikaa nusu saa nguo imeshakuganda mgongoni. Nikaona bora nichongeshe.

Fundi yuko kando ya barabara huku Magongo. Hakuniuliza nataka saizi gani. Alimkalisha binti juu ya rundo la mbao, nyayo zimekanyaga chini sawasawa, akapima toka chini hadi mkunjo wa goti: sentimita 41. Hicho ndicho kimo cha kiti. Kisha akapima toka nyuma ya nyonga hadi mkunjo ule ule wa goti, akatoa 5.

"Kikalio kikizidi hapa, mama, mgongo wake hautafika kwenye egemeo. Atakaa ukingoni siku zote."

Kwangu mimi hapo ndipo pesa yangu ilipofanya kazi. Watu huhangaika na mito na kimo, kumbe kikalio kikiwa kirefu kuliko paja, egemeo linabaki pambo tu.

Mbao nilitaka mvule, bei ikanirudisha nyuma. Mwembe ni rahisi, ila bungua wanaupenda. Usipotiwa dawa utaanza kumwaga unga. Tukaafikiana mwarobaini, ambao wadudu hawausumbui sana na huku Pwani haukosekani. Akachagua mbao zilizokauka, maana mbichi zikija kukauka ndani ya nyumba viungo hulegea. Msumari sikuona hata mmoja: ulimi wa mti huu umeingia kwenye tundu la ule, na gundi. Kikalio ni fito zilizoachana upana wa kidole, hewa inapita, na ukingo wa mbele ameupiga randa ukawa mviringo ili usibane mapaja. Egemeo limelala nyuma kidogo, na pale kiunoni pana ubao uliotokeza unaompokea.

Sasa lawama. Aliniahidi Ijumaa, ikaja ikawa Ijumaa nyingine kabisa, na kila nikipiga simu ni "niko kwa vanishi, mama". Hiyo vanishi nayo, kwa unyevu wa msimu wa mvua, ilikuwa bado inanata kiti kilipofika nyumbani. Ukiagiza, agiza kiangazi. Na ni kizito. Mdogo wake hawezi kukisogeza, jambo ambalo kusema kweli silijutii.

Jingine ambalo wengi hawalifikirii ni meza. Yetu ilikuwa na sentimita 75, kwa hiyo binti akikaa kwenye kiti kipya mabega yanapanda masikioni. Fundi akaikata miguu hadi 66, viwiko vikatua juu ya meza bila kujikunyata. Bila hivyo kiti kingeonekana kibaya bure.

Nililipa shilingi 6,500 kwa kiti, na 500 za kukata meza. Maumivu ya kiuno sijayasikia tena, ingawa sasa analalamikia hesabu.

Kwa mtoto wa darasa la nne au la tano sishauri kiti cha kipimo kimoja, kwani hata mwaka hautaisha kabla hakijamkataa. Ulaya viti vya shule hutolewa kwa saizi. Kiwango chao cha EN 1729 kina vimo vya sentimita 35, 38, 43 na 46, miongoni mwa vingine. Kule Norwei, Peter Opsvik alibuni mwaka 1972 kiti cha mbao kiitwacho Tripp Trapp, ambacho kikalio na ubao wa kukanyagia huchomolewa na kupandishwa kwenye mifuo, yaani vifereji vilivyochongwa kwenye mbao za kiti, mtoto anavyokua. Nilimwonyesha fundi picha yake kwenye simu. Akaigeuza geuza, akasema mifuo hiyo anaiweza, ila bei tutazungumza.