Landi ya Zamani na Prado ya Jana: Jozi Zipi Zinafaa Malindi

Ukitaka kuweka 4x4 mbili Malindi, moja kuukuu ya kupenda na moja ya karibuni ya kutuma, nunua kwanza ile ya kutuma. Wengi hufanya kinyume. Mtu huiona Land Rover imeegeshwa chini ya mwembe, roho inamruka, analipa, na wiki haijaisha gia boksi iko chini kwa fundi na watoto wanakwenda shule kwa tuktuk. Gari kuukuu la pwani hukaa gereji majuma mengi, na subira ya kulitengeneza vizuri huipati kama ndilo usafiri wako pekee.

Halafu kuna kutu. Watu wa bara hununua gari kwa injini. Sisi huku tunapaswa kununua kwa chuma. Injini hufufuliwa, tena hapa hapa mjini, lakini chasisi iliyoliwa na chumvi utaichomelea leo hapa na mwezi ujao pale. Jozi zifuatazo nimezipanga kwa kutu kwanza, kisha kwa swali hili: likiharibika, fundi wa Malindi ataliweza, au litavutwa hadi Mombasa, kilomita kama 120?

1. Land Rover Series III na Toyota Prado 150

Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Bodi yake ni ya aluminiamu, na ndipo Landi inapowadanganya watu: juu inang'aa, chini imeoza, maana chasisi ni ya chuma. Hata hiyo aluminiamu, inapogusana na chuma na chumvi ikaingia katikati, hugeuka unga mweupe na kuvimba chini ya rangi.

Usiangalie ukiwa umesimama. Tandika gunia, lala chini ya gari, na uwe na nyundo ndogo. Gonga chasisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu na kukumwagia magamba usoni. Gonga zaidi boriti ya nyuma, mikono ya pembeni inayobeba bodi, na miguu ya ule ukuta wa chuma ulio kati ya injini na dereva. Ukikuta chasisi imepakwa rangi nyeusi ya lami, mbichi bado, toa bisibisi ukwangue. Dalali atasema, "Tumeipaka ipendeze tu, bwana." Mwenye gari akikuzuia kukwangua, shika njia yako.

Namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikia. Kwa bahati mbaya hapo ni mahali pa kutu. Isafishe kwa brashi ya waya, ilinganishe na logibuku. Kama haisomeki, mwenye gari ashughulikie NTSA, mamlaka ya usajili wa magari, kabla ya pesa zako kutoka, si baada.

Injini ya petroli ya lita 2.25 ni nzito wa mwendo. Barabarani kuelekea Garsen malori yatakupita. Lakini ina kabureta, plagi na springi za vyuma bapa, vitu ambavyo fundi yeyote mwenye mvi anavijua akiwa amefumba macho.

Mwenzake ni Prado 150, iliyoanza 2009. Hapa nitawaudhi wapenzi wa dizeli: kwa mtu wa mjini, chukua ya petroli ya lita 2.7. Dizeli ya lita 2.8 iliyokuja 2015, zile zinazotoka Japani, ina chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo hujisafisha gari likienda mwendo mrefu na moto. Safari za kutoka Shela hadi sokoni na kurudi hazilipi nafasi hiyo, basi huziba, na kulizibua si bei ya mchezo. Kama kila mara uko njia ya Nairobi, dizeli ni sawa.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo ile ya karibuni unaweza kuagiza, lakini kuukuu itafute humu humu nchini. Na usidhani cha Japani ni kisafi: kaskazini kwao barabara humwagwa chumvi wakati wa theluji. Nyundo yako ifanye kazi huko pia.

2. Land Cruiser J40 na Hilux dabo kabini

J40, ya 1960 hadi 1984, ina chasisi na injini za kudumu kuliko Landi, sisemi uongo. Imeshika nafasi ya pili kwa sababu bodi yake yote ni ya bati la chuma. Tazama fremu ya kioo cha mbele, mfereji wa paa na pembe za nyuma. Ya petroli ya lita 4.2 hunywa kama ngamia, na bei zimepandishwa na wakusanyaji wa ng'ambo. Hilux haihitaji maelezo. Spea zake ziko kila duka.

3. Suzuki SJ410 na Jimny

Hii ni jozi ya mfuko mwembamba, na kwenye mchanga ndiyo bingwa. Jimny iliyotoka 2018 ina uzito wa takriban tani moja na kidogo tu. Punguza upepo wa tairi na utapita Ngomeni ambako Prado inachimba kaburi lake. SJ410 ina injini ndogo ya cc 970, na mnaweza kuisukuma wawili ikizima. Ila zote mbili zinabana. Familia ya watu sita yenye mizigo ya kwenda lango la Sala la mbuga ya Tsavo haitaingia katika yoyote.

4. Defender ya zamani na Defender mpya

Jozi ya picha. Ya zamani, hasa yenye injini ya dizeli ya 300Tdi, ni gari zuri. Iweke na Prado badala yake na inapanda hadi juu. Tatizo ni ile mpya ya 2019 na kuendelea: haina chasisi iliyotengana na bodi, imejaa kompyuta, na nyingi zinakalia springi za hewa. Ikigoma Minjila, njia ya Lamu, utapiga simu mjini na hakuna atakayekuja na spana.

Kwa watu wa Lamu

Gari lenu hubaki Mokowe, upande wa bara, wakati mwingine majuma mazima. Magari ya siku hizi hunyonya betri hata yakilala, kwa hiyo uliza mapema kama kuna mtu wa kuliwasha au nunua chaja. Kuukuu we ng'oa terminali uende zako.

Na jozi yoyote utakayochukua, osha chini kila ukitoka ufukweni, kwa maji ya bomba yanayotoka Baricho. Maji ya visima vingi vya karibu na bahari yana chumvi yake. Ukimpa kijana mpira wa kisimani, amelirudisha gari baharini na umemlipa.