Tagi za RFID za kushona kwenye shuka na sare: aina tatu, msimu mmoja wa wageni

Anayesimamia kufua nguo za hoteli anaujua ugomvi wa shuka. Hoteli inasema imetoa hesabu hii, sisi tunasema tumepokea pungufu, na dereva yuko katikati anaapa kwa Mungu wake. Tajiri wetu alipochoka na kesi hizo alikubali kununua tagi za RFID za kushona ndani ya nguo, yaani vitambulisho vidogo vinavyosomwa kwa mawimbi ya redio. Mimi ni fundi wa elektroniki wa kiwanda, kwa hiyo kuchagua, kupima na kulaumiwa kote kukaniangukia.

Tuko Unguja. Tunafua za hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje: shuka, foronya, taulo za pwani zilizojaa mchanga na mafuta ya kujikinga jua, pamoja na sare za wafanyakazi. Maji ya kisima ni ya chokaa na dawa ya klorini haimwagwi kwa huruma. Nimesubiri msimu wote wa wageni uishe ndipo niandike, maana wiki ya kwanza kila tagi ni hodari. Muuzaji simtaji. Aina hizi tatu zinauzwa na wengi, na kinachozitofautisha ni namna antena yake ilivyotengenezwa.

Kwanza ufahamu kitu kimoja. Tagi hizi hazina betri. Mashine ya kusomea inarusha mawimbi, antena ya tagi inayanasa, na kwa umeme huo kiduchu chipu inaamka na kutaja namba yake. Mashine yetu inatumia megahezi 865 hadi 868, kama za Ulaya. Hapo wimbi lina urefu wa kama sentimita 35, na antena ya kawaida hutaka nusu yake, yaani 17. Hakuna atakayeshona kitu cha sentimita 17 kwenye foronya. Basi wabunifu wanaikunjakunja ile waya mpaka tagi nzima inaingia kwenye sentimita 7 kwa 1.5. Kuikunja huko kuna gharama yake: tagi inakuwa na masafa membamba, yaani inaitikia mawimbi ya frikwensi chache tu, na chochote kinachosogea karibu nayo kinaitoa kwenye masafa yake.

Tulianza na ile ya silikoni. Ilikuja na karatasi yenye maneno matamu: mifuo 200 au miaka mitatu, kukamuliwa kwa shinikizo la bari 60, pasi ya nyuzijoto 200 kwa sekunde 10. Ndani yake kuna shaba iliyochorwa juu ya plastiki nyembamba, chipu imegandishwa juu ya shaba, kisha vyote vimefunikwa silikoni. Ikiwa mpya, hakuna iliyoishinda kwa umbali. Nilisimama upande wa pili wa chumba cha kupokelea nguo na bado ilisomeka.

Bibi yetu wa cherehani hakuipenda hata dakika moja.

"Mwanangu, hiki kitanimalizia sindano."

"Basi usikipige sindano, bibi. Kishonee kifuko ndani ya pindo, kikae humo."

Akashona vifuko, akanung'unika, na kazi ikawa safi kabisa. Shida ilitoka kwenye pasi kubwa ya roli na mashine ya kukunja shuka. Silikoni inakubali kupinda, na shaba nayo inakubali. Lakini chipu haipindi, kwa hiyo kila mkunjo unaishia palepale shaba inapogusana na chipu. Zilizokufa nilizipasua kwa wembe nikazitazama kwa lenzi: ufa uko sehemu ileile, moja baada ya nyingine. Ubaya zaidi ni namna zinavyokufa. Hazidhoofiki kwanza ukapata kujiandaa. Jana imesoma, leo kimya, na shuka ambayo tagi yake imekufa inaandikwa kwenye kompyuta kuwa imepotea. Tumenunua kifaa cha kumaliza ugomvi, nacho kikatuletea mwingine.

Aina ya pili ndiyo tuliyobaki nayo, na ninaisifia bila kusita. Kwa macho ni utepe wa kitambaa tu, wenye kidonge kidogo katikati. Chipu imo ndani ya kidonge pamoja na kitanzi chake cha waya. Antena ni uzi mwembamba wa chuma cha pua uliotariziwa kwenye utepe, unapita kukizunguka kidonge lakini haukigusi. Nguvu inavuka kwa sumaku, ileile kanuni ya transfoma. Hakuna lehemu, hakuna mahali ambapo kigumu na laini vimefungwa pamoja vivutane mpaka kimoja kikatike. Nguo ikijikunja, uzi unajikunja nayo, na kidonge hakina habari. Aliyebuni hivi aliwahi kuiona mashine ya kukamua nguo ikifanya kazi, nina hakika.

Umbali wake ni mfupi, hilo lisikushangaze. Chuma cha pua kinapitisha umeme vibaya kuliko shaba kwa kama mara arobaini, kwa hiyo sehemu ya nguvu inaishia kuwa joto ndani ya uzi. Lakini sisi tunasoma mlangoni, kitoroli kikipita katikati ya antena mbili, wala hatuhitaji kusoma hadi barabarani. Bei ni karibu mara mbili ya silikoni. Na kile kidonge kinasikika: mgeni mmoja alikikuta kwenye foronya kikimchoma shavu, akadhani ni kifungo. Sasa bibi anakishonea upande wa mdomo wa foronya, nyuma ya mkunjo, na malalamiko yamekwisha.

Kuna mawili ambayo muuzaji yeyote hatakwambia, na hayatokani na ubora wa tagi. La kwanza: ukishona tagi zote kwenye kona moja ya shuka, zikikunjwa na kupangwa, tagi zinalaliana. Antena zikikaribiana hivyo zinavurugana masafa, ya juu inaziba ya chini, na rundo zima linasoma nusu. Tulipoanza kubadilisha, shuka hii kona ya kulia, ile katikati ya upindo, hesabu ikatulia. La pili: nguo mbichi. Rundo la taulo zilizolowa bahari halisomeki vizuri hata ulipe nini, kwa sababu maji yanayameza mawimbi. Chafu zinazokuja zimelowa tunazipitisha chache chache, na hesabu tunayogombana nayo na hoteli ni ile ya zikishakauka.

Nije kwenye sare, ambako kazi ni ngumu kweli. Nguo iliyo rafu ni jambo moja, iliyo mwilini ni jingine. Mwili wa binadamu kwa mawimbi haya ni gudulia la maji ya chumvi lililovaa shati. Ndani ya misuli wimbi linafupika mara saba hivi, na sehemu kubwa ya nguvu inanywewa humo humo. Tagi iliyolala juu ya mgongo inavutwa chini ya masafa yake na wakati huohuo inaibiwa nguvu. Tagi yetu nzuri ya chuma cha pua, iliyosomeka vizuri kwenye hanga, ilipovaliwa na mhudumu ikataka uisogelee kwa urefu wa mkono. Jasho likiingia, hata hapo inasita.

Kwa sare tulijaribu aina ya tatu, antena iliyotariziwa kwa uzi wa nailoni uliopakwa fedha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tampere huko Finland wametarizi antena za namna hii kwa miaka mingi, na ukiishika unaelewa wanachokitafuta: ni laini kama nakshi ya kofia, aliyeivaa haijui. Kupinda hakuisumbui. Kwa maoni yangu watu wanaogopa kupinda kuliko inavyostahili. Mkono ukijikunja masafa yanasogea kidogo tu, lakini shati likigusa ngozi yanasogea mbali.

Iliyoiua ni klorini. Fedha inaliwa kidogo kidogo, na msuguano wa pipa unamaliza iliyobaki. Uzi unapoteza upitishaji wake, na umbali unapungua kila wiki. Angalau hii inakuaga kabla ya kufa, unaiona inavyorudi nyuma. Kwa nguo ya hospitali au ya jikoni, inayotaka dawa kali, usiinunue. Kwa fulana ya kuvaa mara chache, ikafuliwa kwa sabuni tu, ningeichukua leo.

Dawa ya mwili ni kuweka nafasi. Namba za kifuani za mbio za marathoni mara nyingi zina kipande cha sponji nyuma ya tagi kwa sababu hiyo hiyo. Zipo pia antena zenye tabaka la chuma nyuma linaloikinga tagi na mwili, lakini ni nene, ni ngumu, na mhudumu wa Julai anaweza kuivumilia, wa Februari hapana. Sisi tumekwenda njia rahisi: tagi inashonwa pale nguo inaponing'inia bila kugusa mtu. Kwa aproni ni ncha ya mkanda unaoanguka nyuma. Kwa shati la mapokezi ni chini ya ukosi, sehemu iliyokunjwa mara mbili. Umbali umerudi kutosha kusoma mtu anapopita mlangoni.

Ukiagiza, uliza tagi imekatwa kwa masafa gani. Nyingi za mtandaoni zimelengwa soko la Marekani, megahezi 902 hadi 928, au la China, 920 hadi 925. Usizikimbie moja kwa moja. Kitambaa kinene na unyevu vinashusha masafa, na ile iliyokatwa juu inaweza kuangukia karibu na 866 ikishashonwa. Agiza chache, zishone kwenye nguo yako halisi, zifue, ndipo upime. Kipimo cha tagi iliyo mezani peke yake hakina maana yoyote.

Kwa shuka na taulo tumeshaagiza shehena nyingine ya chuma cha pua. Sare za wapishi bado zinabishaniwa: mimi nataka ziwe na mkanda wenye tagi nyuma, na mpishi mkuu anasema mkanda unaoning'inia karibu na moto hauingii jikoni kwake.