Karakana ya bodi za mbao Mwanakwerekwe, Zanzibar: rangi hawana mfano, bolti zina kasoro

Kama una gari la abiria la bodi ya mbao, lile la mabenchi ya kutazamana, na unataka lirudi na rangi zake za mwanzo, karakana hii ndiyo ya kulipeleka.

Kwanza, hawakwangui ovyo. Huchagua pahala pasipopigwa na jua, aghalabu chini ya bawaba au nyuma ya kibao cha njia, wakasugua duara dogo kwa msasa wa maji, namba 240 kisha 400, mpaka wafike kwenye mbao. Rangi hujitokeza kwa pete: ya nje ndiyo ya juzi, ya ndani kabisa ndiyo kongwe. Hapo wengi hupotea, maana si kila pete iliwahi kuwa rangi ya gari. Nyekundu au kijivu iliyoshikana moja kwa moja na rangi ya juu yake ni praima tu, yaani rangi ya msingi inayopakwa kwanza. Iliyotembea barabarani huacha mstari mwembamba wa uchafu juu yake. Mafundi hawa wanaujua mstari huo, na wanasugua kwa maji kwa kuwa rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

Sampuli ya rangi mpya huachwa ikauke, ndipo ilinganishwe na pete hiyo juani. Praima mkono mmoja, rangi ya mafuta mikono miwili myembamba, saa 24 baina yake, na msasa mwepesi katikati. Maandishi ya njia, kama "502 Bububu", hupigwa kwa brashi, si stika, na herufi zimesimama vizuri kweli kweli.

Kasoro imejificha ndani. Nguzo ni mvule, ndimi zimekaza kwenye matundu yake, lakini ncha za mbao hazipakwi praima kabla ya kuunganishwa. Ncha ndizo zinazonyonya maji, na rangi huanza kubambuka hapo hapo kwenye maungio. Bolti nazo ni chuma kitupu. Kwa upepo wetu wa chumvi zitashika kutu, kutu ivimbe, mbao ipasuke. Nunua mwenyewe bolti zilizochovywa zinki na washa pana (zile pete bapa za bolti), uwakabidhi, na uwasimamie wapake ncha zote kabla hawajafunga.

Wakati wa masika usipeleke gari. Banda lao halina kuta, na rangi ikipatwa na unyevu kabla ya kukauka hufubaa. Julai na Agosti ndiyo miezi yake.