Menyu ya sauti ilikuwa inakula salio la madereva: mwaka wetu na FreePBX

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha. Makao yako Kampala, upande wa Nakawa, na tuna vijana wawili Malaba, mpaka wa Kenya, na mmoja Mutukula, mpaka wa Tanzania. Wanaotupigia simu ni watu wa aina mbili. Kuna wenye mizigo, ambao wengi huongea Kiganda au Kiingereza, na kuna madereva wa malori, ambao karibu wote huongea Kiswahili. Dereva ametoka Mombasa na kontena, amefika mpakani saa tisa usiku, hati yake haionekani kwenye mfumo wa forodha, au ameambiwa lakiri ina kasoro. Anamtaka mtu mmoja tu atakayemwelewa tangu neno la kwanza. Nimetumia FreePBX, mfumo wa simu za ofisi, kwa mwaka mmoja na miezi miwili sasa, na nitaipima kwa hilo hasa: dereva akipiga, anampata mtu au hampati?

Zamani tulikuwa na laini moja ya mezani pamoja na simu za mkononi za wafanyakazi. Mteja alikariri namba ya mtu, si ya ofisi. Mtu huyo akiugua, mzigo ulikaa. Akihama kazi, aliondoka na wateja wake mfukoni. Tulipoteza wateja wawili wakubwa kwa njia hiyo ndani ya miezi sita, ndipo bosi akakubali tutafute mfumo wa kweli.

Kwa asiyeifahamu, FreePBX ni kurasa za kuendeshea Asterisk, programu ya simu ambayo Mark Spencer aliianza Marekani mwaka 1999 kwa sababu alihitaji mtambo wa simu wa ofisi na bei zilimshinda. Programu yenyewe ni ya bure, na hulipii kila namba ya ndani unayoongeza. Utakacholipia ni kompyuta ya kuiweka, simu za mezani, laini ya nje kutoka kwa kampuni ya simu, na fundi kama huna wa kwako. Sisi tuna namba za ndani 14 na laini ya nje yenye njia nne, yaani mazungumzo manne na watu wa nje kwa wakati mmoja.

Fundi aliyetufungia mara ya kwanza alitutengenezea menyu ya sauti ya kupendeza. Salamu kwa Kiingereza, salamu kwa Kiganda, salamu kwa Kiswahili, kisha bonyeza 1 kwa mauzo, 2 kwa hesabu, 3 kwa nyaraka, 4 kwa usafirishaji. Ilichukua sekunde 48 mpaka mwisho. Bosi aliisikiliza mara tatu, akafurahi. Na mimi nilifurahi.

Wiki ya pili dereva mmoja mzee, tuliyemzoea miaka mingi, alikuja mwenyewe ofisini. Akaniambia, "Mwanangu, simu yenu siku hizi inapokea upesi sana, lakini hakuna mtu ndani." Alikuwa amepiga mara nne kutoka njiani, na mara zote nne salio lilikatika kabla hajafika kwenye maneno ya Kiswahili.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo hakuna aliyetueleza. Katika mfumo huu menyu ya sauti haisemi chochote kabla mtambo haujapokea simu. Mtambo ukishapokea, kwa kampuni ya simu hayo tayari ni mazungumzo, na anayepiga anaanza kukatwa pesa. Sekunde 48 za salamu zetu zilikuwa zinatoka mfukoni mwa mtu aliyeweka salio dogo kibandani Naluwerere. Lilikuwepo na jambo baya zaidi. Madereva wetu wamezoea kubipu, simu inalia mara moja au mbili wanakata, na ofisi inawapigia. Sasa kila bipu ilipokelewa papo hapo na mashine. Desturi iliyofanya kazi miaka yote tuliivunja kwa usiku mmoja, kwa jina la kujiendeleza.

Suluhisho lilinichukua Jumamosi nzima. Niliomba kampuni ya simu namba ya pili kwenye laini ileile, nikaitenga iwe ya madereva. Katika njia za simu zinazoingia, namba hiyo haipiti kwenye menyu hata kidogo. Inakwenda moja kwa moja kwenye kundi la simu zinazolia pamoja, yaani meza mbili za nyaraka na meza ya usafirishaji. Kundi hilo nimeliacha litoe mlio wa kawaida badala ya muziki, kwa hiyo mtambo haupokei chochote mpaka mtu anyanyue mkono wa simu. Dereva halipi senti kwa kusubiri. Akibipu, namba yake inabaki kwenye ripoti ya simu, na dada wa mapokezi huipitia kila nusu saa akiwapigia wote ambao hawakujibiwa.

Kabla ya hapo nilijaribu foleni, kwa sababu fundi aliniambia foleni ndiyo ya kisasa. Foleni kwa kawaida hupokea simu kwanza, kisha humpigia mtu muziki. Ni ugonjwa uleule. Upo mpangilio wa kuizuia isipokee, lakini kwa ofisi yenye meza tatu za kujibu sikuona sababu ya kujisumbua. Foleni nzuri ni kwa mahali penye wapokeaji wengi na wateja wasiohesabu sekunde.

Wenye mizigo bado wanapita kwenye menyu, ila nimeikata hadi sekunde 11. Jina la kampuni, kisha 1 Kiganda, 2 Kiingereza, 3 Kiswahili, basi. Nilijifunza kuwa mteja hajui kama shida yake ni ya "nyaraka" au ya "usafirishaji", hayo ni majina yetu sisi wa ndani. Lugha yake anaijua. Kila lugha inaongoza kwa watu wanaoiweza, na asiyebonyeza chochote anafikishwa mapokezi baada ya sekunde tano. Sauti tulirekodi wenyewe, chumba cha stoo, mlango umefungwa, ikahifadhiwa kwa mkondo mmoja wa sauti (mono) na sampuli 8000 kwa sekunde, kama Asterisk inavyopenda. Maneno yaliyokuja na mfumo wetu yalikuwa ya Kiingereza, na sikutaka dada yetu wa Kiswahili asikike nusu na mgeni nusu.

Halafu kuna suala la saa, na hili nawaomba mlisome taratibu kwa sababu lilitugharimu siku tatu. Mfumo unakuruhusu kupanga masharti ya muda, kwamba saa za kazi simu ziende hapa na baada ya kazi ziende pale. Nilimwandikia fundi kwenye karatasi, "kazi ni saa 2 hadi saa 11". Naye akaingiza 02:00 hadi 11:00, kama karatasi ilivyosema. Asubuhi kila kitu kilikuwa sawa. Ikifika saa tano, tukiwa tumejaa ofisini, wapigaji wakaanza kusikia kwamba tumefunga. Tulilaumu mtandao. Tulizima ruta na kuiwasha. Siku ya tatu mhasibu ndiye aliyegundua kwamba ukimya unaanza saa ileile kila siku. Saa mbili yetu ni 08:00, saa kumi na moja ni 17:00. Mashine haijui kwamba sisi tunahesabu tangu macheo. Tangu siku hiyo karatasi zote za mipangilio tunaziandika kwa tarakimu nne. Na kabla ya kulaumu chochote, piga *60 kwenye simu ya mezani usikilize mfumo unadhani ni saa ngapi. Ukisikia saa tatu nyuma, ujue umeachwa kwenye saa ya dunia (UTC), wakati Uganda iko saa tatu mbele yake.

Usiku ulikuwa na kazi yake. Malaba haifungi, na madereva wanapiga saa yoyote. Baada ya 17:30 namba ya madereva inaelekezwa kwenye simu za mkononi za vijana wa zamu. Namba ya nje ndani ya kundi huandikwa na alama ya reli (#) mwishoni, vinginevyo mfumo huitafuta miongoni mwa namba za ndani. Tatizo likawa simu ya kijana mmoja ikizimika, sanduku lake la ujumbe linapokea badala yake. Mfumo unaona simu imepokelewa, unanyamazisha simu za wenzake, na dereva anabaki akiongea na sanduku. Dawa ipo ndani ya mipangilio ya kundi, nayo ni kudai uthibitisho. Mpokeaji lazima abonyeze 1 ndipo aunganishwe, na sanduku la ujumbe haliwezi kubonyeza 1. Kwangu mimi huu ndio mpangilio bora kuliko yote katika mfumo huu. Sharti lake ni moja tu, simu zote za kundi zilie kwa pamoja.

Jueni pia kwamba simu iliyoelekezwa mkononi inakula njia mbili, moja ya kuingia na moja ya kutoka, na ile ya kutoka mnailipa nyinyi. Usiku si neno. Mchana, wafanyakazi wawili wakiacha simu zao zimeelekezwa kwa *72 wakaenda mjini, njia zetu nne zinakwisha na mteja wa tatu anasikia iko bize. Sasa ni sharti kwetu, ukirudi mezani unapiga *73 kabla hujakaa.

Sikukuu nimezipanga kwa mwaka mzima, 26 Januari, 3 Juni, 9 Oktoba na nyinginezo. Idi haipangiki, inasubiri mwezi uonekane. Kwa hiyo tuna swichi ya mkono, dada wa mapokezi anapiga *281 na ofisi inahamia hali ya sikukuu, na kitufe kwenye simu yake kinawaka chekundu ili asisahau kuirudisha. Mwaka huu tangazo lilipotoka usiku, alifunga ofisi akiwa nyumbani kwake, kupitia programu ya simu aliyowekewa. Wapigaji wote asubuhi yake walisikia Idi Mubarak na namba ya zamu.

Matatizo ya sauti sitayasema kwa urefu. Malaba walikuwa wanatusikia, sisi hatuwasikii. Tulizima kipengele cha ruta kinachojifanya kusaidia simu za intaneti, sauti ikatengemaa. Kupima ucheleweshaji, piga *43 ujisikilize ukirudi.

Usalama ndiyo sehemu ninayowasihi msiipuuze. Fundi alituachia nywila za namba za ndani zinazofanana na namba zenyewe, na mlango 5060, ule unaopitisha simu za intaneti kwenye seva, ukiwa wazi kwa dunia nzima. Nilipofungua kumbukumbu za seva nilikuta majaribio ya kuingia yakimiminika kutoka anwani za nchi ambazo hatuna hata mteja mmoja. Wanachotafuta ni kupiga simu za ng'ambo usiku kucha kwa bili yako. Nilibadili nywila zote, matawi nikayaunganisha kwa njia ya siri ya mtandao (VPN), na simu za kimataifa nikaziruhusu kwa Kenya, Tanzania, Kongo na Sudan Kusini tu, yaani namba zenye kodi za nchi 254, 255, 243 na 211. Nchi nyingine inahitaji namba ya siri, aliyonayo mhasibu. Lakini 999 na 112 hazina kizuizi kwa simu yoyote, hata ile ya mlinzi getini, na nilizijaribu mwenyewe kuhakikisha njia ipo.

Kinachonikera? Mipangilio ni mingi mno, na mtu anaweza kubadili kitu, akahifadhi, akaondoka bila kubonyeza kile kitufe chekundu cha juu kinachoanzisha mabadiliko. Hakuna kinachotokea, na kesho yake wawili wanabishana nani aliharibu. Baadhi ya moduli nzuri, yaani vipande vya kuongeza kwenye mfumo, ni za kulipia. Na bila mtu mmoja ofisini aliye tayari kujifunza, utamtegemea fundi wa nje kwa kila namba mpya. Kwa duka la watu watatu nisingeipendekeza, simu mbili za mkononi zinatosha. Kwa ofisi yenye matawi na watu wa zamu, ningeichagua tena leo.

Yule dereva mzee amebandika namba mpya ndani ya kibanda cha lori lake, juu ya kioo. Juzi alibipu akiwa Tororo saa saba usiku, kijana wa zamu akampigia baada ya dakika mbili. Mwezi ujao tunafungua dawati Elegu, mpaka wa Sudan Kusini. Kundi lake nimeshaliunda, namba 604, na masharti ya muda yameandikwa kwa tarakimu nne. Kimebaki kumpata kijana anayeweza Kiswahili na Kiarabu cha Juba kwa pamoja, maana madereva wa njia ile huvichanganya.