Gobore la Babu Nimelikuta Nebraska

Haya, ngoja niwasogezee kamera. Mnakiona hicho kibati cha shaba ubavuni mwa bunduki, kilichochongwa kama nyoka mwenye magamba? Wengine humwita joka. Tuanze na huyo. Kwa zaidi ya miaka mia moja nyoka huyu alikuwa ndiye alama ya bunduki halali. Mwindaji wa zama zile huku Marekani akiletewa bunduki haina nyoka, anairudisha. Kwake hiyo ni feki, hata kama mtutu ni mzuri.

Shikamooni wakubwa, mambo vijana. Kwa mgeni wa hapa, mimi ni Mtanzania, naishi Denver, na siku zote nawachambulia mabuti, mahema na majiko ya kambini. Leo bidhaa ni tiketi. Nimezunguka makumbusho matatu yenye bunduki za kushindilia, zile za zama ambazo wazungu walikuwa wanasogea kuelekea magharibi ya Marekani, na nataka niwaambie lipi linastahili mafuta ya gari lako.

Waliokulia mjini wananiuliza bunduki ya kushindilia ni ipi. Jamani, si gobore! Babu yangu mzaa mama, kule Liwale, alikuwa nalo la kulindia shamba dhidi ya nguruwe. Unasimamisha kitako chini, unamimina baruti kwa mdomo wa mtutu, unatia tambara, unashindilia kwa mdeki. Unatia vipande vya nondo, tambara tena, unashindilia tena. Halafu fataki juu ya kifa, unalenga, unamwomba Mungu. Ukikosa, kabla hujamaliza kushindilia mara ya pili nguruwe keshafika kwa jirani. Gobore la fataki lilikuja baadaye. Kabla yake kulikuwa na gumegume, jiwe linagonga chuma, cheche zinaangukia baruti kidogo iliyowekwa kwenye kisahani cha pembeni, moto unapenya kwenye tundu hadi ndani. Mvua ikinyesha, umebaki na rungu la bei ghali.

Sasa makumbusho. La kwanza nililiona mwaka jana: Pennsylvania Longrifle Museum, karibu na mji wa Nazareth, Pennsylvania. Lipo Boulton, mahali ambapo familia ya Henry ilijenga kiwanda cha bunduki mwaka 1812. Mkoa ule ndio chimbuko la bunduki ndefu ya Kimarekani. Mwanzoni mwa karne ya 18 mafundi wa Kijerumani na Kiswisi walifika huko na bunduki zao za kuwindia, fupi na nene, wakaanza kuzirefusha na kuzikondesha hadi mtutu peke yake ukapita mita moja. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojipinda. Risasi ya duara inavikwa kitambaa kilichopakwa mafuta, kitambaa kinashika ile mifereji, risasi inatoka inazunguka kama pia. Kitu kinachozunguka hakiyumbi ovyo, basi shabaha inakwenda mbali. Gharama yake ni muda: kushindilia kitu kinachobana namna ile si kazi ya haraka.

Na uzuri wake! Kitako cha mti wa mepo wenye mistari kama ngozi ya chui milia, na kijisanduku cha shaba ubavuni mwa kitako cha kutunzia vitambaa. Watu waliishia kuiita bunduki ya Kentucky. Mimba kabeba Pennsylvania, jina kachukua Kentucky. Makumbusho yenyewe ni madogo, saa mbili zinakutosha. Kama wewe ni fundi seremala au mhunzi, ongeza saa moja.

La pili, Cody, Wyoming. Buffalo Bill Center of the West ni makumbusho matano chini ya paa moja, na upande wa bunduki ulifunguliwa upya mwaka 2019 baada ya ukarabati mkubwa. Utaona bunduki mpaka uchoke. Mimi nilichoka. Tiketi yao inatumika siku mbili mfululizo, na nawashauri mzitumie zote mbili, la sivyo jioni utakuwa unatazama mitutu kama mtu anayetazama nguzo za umeme akiwa ndani ya basi. Kwa familia hapa ndipo, maana asiyetaka bunduki ana wanyama, ana michoro, ana historia ya wenyeji wa asili.

Najua swali lenu: bunduki ya Hawken je? Jacob na Samuel Hawken walikuwa ndugu, mafundi wa St. Louis, mji ambao wasaka manyoya walikuwa wanaanzia safari zao. Bunduki yao ni fupi kuliko ile ya Pennsylvania lakini nene, mtutu wa pembe nane, inatumia fataki, uzito kilo nne na nusu au zaidi. Imetengenezwa kwa mtu aliyepanda farasi anayeweza kukutana na dubu. Ile aliyokuwa nayo Jim Bridger, msaka manyoya maarufu, ipo Helena, Montana, na sijaiona bado. Nikifika mtakuwa wa kwanza kujua.

Hapo hapo nitie neno. Ukitazama sinema utadhani kila aliyebeba bunduki hizi alikuwa mzungu mwenye ndevu. York, mtumwa wa William Clark, alikwenda na msafara wa Lewis na Clark, uliotumwa na serikali kuchunguza magharibi, hadi bahari ya Pasifiki na kurudi, 1804 hadi 1806, na alibeba bunduki na kuwinda kama wenzake. Waliporudi, wenzake walilipwa. Yeye hakulipwa kitu. James Beckwourth naye alizaliwa utumwani Virginia, akaja kuwa msaka manyoya, na njia ya mlimani kule California inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Ukienda makumbusho yoyote ya zama hizi, waulize kuhusu hao wawili. Jibu utakalopewa litakuonyesha ni makumbusho ya namna gani.

Haya, turudi hapa niliposimama. Hapa ni Museum of the Fur Trade, yaani makumbusho ya biashara ya manyoya, nje kidogo ya mji wa Chadron, Nebraska, kama saa tano kwa gari kutoka Denver, na njia nzima ni nyasi. Pamejengwa mahali palipokuwa na duka la James Bordeaux, lililoanza 1837 kwa ajili ya kampuni ya American Fur. Bordeaux alioa kwa Walakota, wenyeji wa asili wa huku, kwa hiyo wateja wengi walikuwa mashemeji. Duka limejengwa upya pale nyuma, nusu limezama ardhini, paa la udongo. Ingieni humo kabla ya kuangalia bunduki, mtaelewa kila kitu kingine: mablanketi, sufuria, visu, shanga za Venice, na bunduki ikiwa bidhaa kati ya bidhaa.

Na bunduki yenyewe ndiyo hii ya nyoka. Mtutu laini, hauna mifereji. Nyepesi. Tazameni hicho chuma kinachozunguka kifyatulio, kipana mno. Ni ili mtu aingize kidole akiwa amevaa glovu za baridi. Zilitengenezwa London na Birmingham, zikaletwa na Hudson's Bay Company, kampuni ya Kiingereza ya biashara ya manyoya, na wengineo. Kuna ile hadithi kwamba mnunuzi alipanga ngozi za biva, yule mnyama wa majini mwenye mkia bapa, mpaka rundo lifikie urefu wa bunduki. Si kweli. Katika karne ya 18 bei ya kampuni ilikuwa kati ya ngozi 10 na 14 hivi, na ngozi 14 ukizipanga hazifiki popote karibu na mdomo wa mtutu.

Mtutu laini una siri yake. Mwindaji wa nyati wa Marekani, yuko juu ya farasi anayekimbia, risasi kaziweka mdomoni. Anamimina baruti kwa kukadiria, anatema risasi ndani ya mtutu, inateleza yenyewe, anagonga kitako, anapiga. Hana haja ya kitambaa, wala mdeki. Jaribu hivyo na ile nzuri ya Pennsylvania uone.

Hapa ndipo nilisimama muda mrefu. Mafundi wale wale wa Birmingham walikuwa wanatengeneza bunduki za mtutu laini za kuuzwa Afrika. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa Unguja wakinunua pembe za ndovu, Marekani ikafunga mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, na kile kitambaa chao cha pamba bibi zetu wakakiita merikani. Shanga za Venice zilikuja kwetu pia. Kisha mkataba wa Brussels wa 1890 ukazuia bunduki za kisasa na za mifereji zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, ila ukaacha upenyo kwa magumegume ya mtutu laini. Tukaachiwa la kushindilia. Mhunzi wa kijijini naye akajifunza kutengeneza la kwake, ndiyo hilo la babu.

Alama zangu, kati ya kumi: Nazareth saba, Cody nane, Chadron tisa. Hiyo moja ya Chadron nimeikata kwa umbali tu.

Ngoja niwaonyeshe hiki cha mwisho. Hiki ni kipande cha mtutu uliochakaa, kimekatwa, ncha imepigwa nyundo ikawa bapa, imenolewa. Ni kifaa cha kukwangulia ngozi. Babu naye gobore lilipopasuka, bomba lake alilifanya la kupulizia moto jikoni.

Wanafungua Mei, wanafunga mwisho wa Oktoba. Msije Novemba. Mimi mara ya kwanza nilikuja Novemba, nikapiga picha mlango.