Kundi la WhatsApp au Status?

Tangu Facebook ifungwe Uganda Januari 2021, kibanda chetu cha vitenge hapa Kampala kinategemea WhatsApp. Kundi huuza haraka: picha moja, maswali kumi. Ila kila mmoja huona namba za wenzake. Nilimwingiza mama mmoja bila kumwomba ruhusa. Saa tano usiku akaanza kutongozwa na mtu asiyemjua. Akatoka, na kibandani hajarudi. Sheria ya kulinda data ya 2019 nayo inataka ridhaa kwanza.

Status ni ya upole: huisha baada ya saa 24, na huwafikia tu mliohifadhiana namba. Bei naiandika palepale kwenye picha; hii "njoo inboksi" huudhi watu. Kundi nimewaachia wachuuzi walioomba wenyewe.